Mpira Kati ya Shangazi na Sijaona

Rukaya alipiga mpira wa ishirini. Ukavuka wavu na kuanguka vumbini, katikati ya Theresia na Sijaona, binti wa kaka yake, kila mmoja akimngoja mwenzake.

"Mnasalimiana?" Rukaya akauliza kutoka upande wa pili.

Theresia, nahodha wa timu ya Sepuka, hakucheka. Wiki iliyopita walikwenda Kenya kujifunza kwenye klabu moja ya Eldoret. Wenzake walirudi wakisimulia ukumbi na viatu. Yeye alirudi na jambo moja tu: kule msichana mdogo kuliko wote, akiukimbilia mpira, alimkemea nahodha wake, "Wangu! Toka!" Nahodha akatoka, wala hakununa.

Tangu hapo alichunguza mipira yao inaanguka wapi. Mingi ilianguka kati ya mkubwa na mdogo. Na Jumamosi, wakifungwa na Nduguti, wanatolewa mashindanoni.

"Sijaona, sema wangu."

"Shangazi, mimi nikufukuze wewe?"

"Nifukuze."

Mpira ukaja. "Wangu!" Sijaona akapaza sauti. Bila kukusudia, Theresia akamgeukia na jicho lile la nyumbani, la kumkanya mtoto.

"Shikamoo," Sijaona akasema, akirudisha mikono nyuma. Mpira ukatua.

Rukaya alikaa chini kwa kicheko. Theresia alibaki akiutazama mpira. Kumbe tatizo halikuwa la mtoto peke yake.

"Giza linaingia, tufungue wavu," akasema. "Kesho saa kumi tuendelee. Sijaona, wewe kelele unaziweza. Mimi ndiye sijaweza kutoka."