Mjomba Aliyetoa Ng'ombe Zizini

Kumpa Melkizedeki kazi moja aimalize kulikuwa ni kujitakia lawama. Akianza kuezeka banda, utamkuta kwa jirani anatengeneza redio, ngazi bado imeegemea banda, na mke wake Yustina anamwita mpaka sauti inamkauka. Watu wa Mkiwa walimwita mvivu. Mvivu, jamani! Mtu anayehangaika tangu alfajiri mpaka giza! Mwaka juzi daktari mmoja mjini Singida alimweleza kuwa hilo ni tatizo la umakini, na watu wazima wanalo pia, siyo watoto peke yao. Melkizedeki alifurahi sana kujua tatizo lake lina jina. Kufika nyumbani, jina ameshalisahau na dawa ameziacha kwenye basi.

Lakini siku ya mahari ya Eliana haikutaka mzaha. Eliana alikuwa mtoto wa marehemu dada yake, naye ndiye aliyemlea. Kwa desturi ya ukoo wao, mjomba hukagua ng'ombe wa mahari, kisha husimama mbele ya wageni na kutamka kwamba wamepokelewa. Ng'ombe wakitoka zizini kabla hajatamka, maana yake posa imekataliwa, na wageni hawana haja ya kuuliza mara mbili.

"Baba Severina," Yustina alimwonya mumewe, "leo usiinuke hata ukiumwa na siafu."

"Siinuki, mama."

Na kweli alikaa. Alijitahidi, masikini. Lakini mshenga wa upande wa pili alikuwa mtu wa maneno. Salamu tu zilimaliza sahani mbili za karanga. Hatimaye Melkizedeki akaambiwa aende akakague ng'ombe, akatoka mbio kama mtoto aliyesikia kengele ya shule.

Zizini aliwakuta ng'ombe ndimi nje. Walikuwa wamesafirishwa kwa lori kutoka Mitundu, na mmoja alikuwa akilamba ukuta. Huruma ikamjaa. Wageni, mshenga, desturi, vyote vikamtoka kichwani. Alishika fimbo, akapiga mluzi, akawaswaga mpaka kisimani. Walipokwisha kunywa, akasikia mpini wa pampu unalia. Akaazima spana.

Kule nyumbani, Mzee Lazaro, baba wa mchumba, aliona mkia wa ng'ombe wa mwisho ukitokomea. Akasimama. "Tumeelewa," alisema. "Mngetuambia tu kwa mdomo."

Eliana alikimbia na kitenge chake kipya mpaka kisimani. "Mjomba! Umetoa ng'ombe!"

"Walikuwa na kiu, mwa..." Hapo ndipo alipojisikia mwenyewe. Spana ikamponyoka. Aibu iliyomshika alikuwa hajawahi kuiona. "Mwanangu, nimekubomolea nyumba hata hujaingia."

"Twende ukawaambie," alisema Eliana, machozi yakimlengalenga.

Waliwakuta wageni wamefika kwenye lori. Melkizedeki alisimama mbele yao. "Shikamoo, mzee. Sijakataa. Niliona kiu yao, nikasahau mengine yote. Ndivyo nilivyo. Msimwadhibu binti kwa ajili ya kichwa changu."

Mzee Lazaro alikunja uso. "Kiu? Kiu ya nini? Chediel! Si nilikutuma uwanyweshe pale Itigi?"

Mchumba aliangalia viatu vyake. "Nilishuka kutafuta ndoo, baba. Sasa kulikuwa na fundi anachomelea geti..."

"Ukaangalia geti."

"Lilikuwa zuri sana, baba."

Yustina, aliyekuwa amewafuata wageni akiwabembeleza, ndiye aliyeanza kucheka, akafuata mshenga, na mwisho Mzee Lazaro mwenyewe, akijishika mbavu. Aliyebaki hacheki ni Melkizedeki. Alimvuta Eliana pembeni.

"Ulijua kwamba yuko hivi?"

"Tangu siku ya kwanza."

"Na bado unamtaka? Mimi nilivyokusumbua miaka yote hii? Nilidhani utatafuta mtu aliyetulia."

"Waliotulia walikuja, mjomba. Hao wangemwona ng'ombe analamba ukuta, wangeendelea na mazungumzo yao." Alimfuta vumbi begani. "Mimi nimelelewa na mtu anayesimama kwa kila anachokiona. Nimetafuta mwingine kama yeye."

Melkizedeki alifuta macho kwa kofia. Nyuma yake mtu aliwasha pikipiki, mbuzi wa jirani wakaingia kwenye mahindi, simu ikaita. Hakugeuka. Alimtazama Chediel, Chediel peke yake, akatamka neno walilokuwa wakilisubiri.