Safari za Maji Mamoja

Mhadhiri alinirudishia kazi mara mbili, na mara zote mbili nilitaka kuichana. Mimi mwalimu wa hesabu, miaka kumi na miwili darasani, nasomea shahada kwa posta, halafu mtu wa Dar es Salaam nisiyewahi kumwona ananiandikia kwa wino mwekundu kama mtoto wa darasa la nne. Alitaka mfano wangu mwenyewe wa kategoria ndogo. Kategoria ni vitu na mishale inayotoka kimoja kwenda kingine; ndogo ni sehemu yake inayojitosheleza. Mara ya kwanza alisema nimenakili. Ya pili, nimesahau kwamba kila kitu lazima kiwe na mshale wa kubaki palepale. Nafasi ya tatu ndiyo ya mwisho. Nikikosa, shahada imekwenda.

Safari hii nilitumia kwetu. Vitu ni vijiji vya Mnazi Bay, mishale ni safari za mtumbwi, na safari mbili zinazofuatana huungana kuwa moja. Humo nikachagua safari za maji mamoja tu, zinazokwisha kabla maji hayajapwa, ziwe kategoria yangu ndogo, maana kwetu hakuna anayepanga safari nyingine. Safari ya kubaki nyumbani nayo nikaitia, kwa hasira. Asubuhi ya siku ya mwisho ya kuituma, Machi 1999, nikaipeleka posta.

Mchana mdogo wangu Sudi, anayevusha watu kwa mtumbwi, alikuja Chuno, mtaani kwangu mjini, kuniletea muhogo. Nikamwonyesha nakala, nikijisifu.

"Dada, kwetu mpaka kwa shangazi Rukia ni maji mamoja," akasema. "Kwa shangazi mpaka kijiji cha mdomo wa mto Ruvuma, maji mamoja. Ukiziunga?"

"Inakuwa safari moja."

"Itakwisha kabla maji hayajapwa? Utalala kwenye tope."

Nikaisoma tena nakala. Kategoria ndogo ikiwa na mishale miwili inayofuatana, lazima iwe na muungano wake pia. Yangu haikuwa nao. Nilijichukia, nikamchukia na Sudi kwa utulivu wake. Na jibu lilikuwa rahisi: ningechagua vijiji vitatu tu, nikazichukua safari zote kati ya vijiji hivyo, fupi na ndefu, na kila muungano ungekuwemo.

Nilifika posta nikihema. Bahasha yangu niliiona mezani nyuma ya nondo, imegongwa muhuri, haijatiwa guniani. Karani alikuwa Petro, niliyemfundisha kidato cha nne.

"Nipe nibadilishe ukurasa mmoja," nikamwomba. "Nimekosea."

Aliitazama bahasha, akanitazama mimi. Hakuwa na ukali usoni.

"Mwalimu, karatasi ikishakusanywa hairudishwi. Kwenye mtihani wako mimi nilibakiza swali la saba, nikakuomba dakika moja."

Niliikumbuka. Nilimkatalia kwa maneno hayo hayo mbele ya darasa zima, tena nikajiona mwenye haki.

Petro akaitia bahasha guniani, kisha akaniuliza kwa adabu kama nahitaji stempu.