Gia za Kilima cha Kanisa

Weldon Kipyegon hakuwa na pikipiki, wala leseni, wala goti la kushoto la kuaminika. Alikuwa na baiskeli yenye injini ndogo, na hiyo nayo haikuwa na gia. Cheni moja, mwendo mmoja. Kwenye tambarare ilikwenda kama swala, lakini kwenye kilima cha kanisa iliguna, ikazima, na mzee akashuka kusukuma.

“Weldon!” Jonah alimwita kutoka kwenye mkokoteni wa punda. “Leo ni nani amebeba mwenzake?”

Kikundi cha maziwa kilitafuta mtu wa kupeleka maziwa kwenye kituo cha kupoza, kwa maana punda wa Jonah alichelewa kule kilimani na maziwa yakachacha. Weldon aliitaka kazi hiyo sana. Tangu astaafu kiwandani, watu walimsalimu kama mgonjwa. Drusilla, mwenyekiti, alimjibu bila kupindapinda: “Mzee, Ijumaa nitasimama kanisani. Ukipanda na mitungi miwili iliyojaa, bila kushuka, niandikie barua ya maombi.”

Basi akaenda Silibwet kwa Nganga, fundi wa baiskeli. Nganga alifunga ekseli ndogo kando ya injini, akaelekeza nguvu yake kwenye cheni ya pedali, ili ipite kwenye meno mapya aliyoyafunga gurudumu la nyuma, makubwa na madogo. Kidole kikisukuma kiwiko, kile kijiti cha chuma kwenye usukani, gia inabadilika.

Weldon alijaza mitungi maji, akajaribu. Alifanya kama alivyofanya na baiskeli zisizo na injini tangu ujanani: akakikimbilia kilima kwa kasi yote, apate kukimaliza kabla hakijamchosha. Katikati, injini ikaanza kulia, akasukuma kiwiko. Kra! Cheni ikaruka. Akajaribu tena, ikaruka tena.

“Nganga amekuuzia kelele,” Jonah alicheka.

Alhamisi jioni Weldon aliketi mlangoni, amenuna. Chini, mkewe Fancy alikuwa anapandisha kapu la majani chai kutoka bondeni. Alipofika mwanzo wa mteremko, kabla mguu haujaanza kupanda, akafupisha hatua. Akaja polepole, hatua ndogondogo, bila kusimama.

“Mama Chelimo,” Weldon alimwuliza, “mbona hukimbii kidogo pale chini?”

“Nikimbie na kapu? Kwani nimegombana na kilima?”

Weldon alicheka peke yake mpaka akakohoa.

Ijumaa, mita chache kabla ya kilima, alilegeza mafuta, akasukuma kiwiko mpaka gia nyepesi, cheni ikakaa kimya mahali pake. Ndipo akaongeza mafuta. Alipanda taratibu kiasi kwamba kuku walimpita. Lakini hakushuka. Pale kanisani Drusilla alifunua mitungi, akatazama, akafunika.

“Andika, Mzee.”

Aliandika kwa mwandiko wa shule ya jioni, ulionyooka. Mwisho akaongeza ombi: baiskeli hubeba mitungi miwili tu, kwa hiyo Jonah aendelee kukusanya maziwa ya upande wa chini, na kumpokeza Weldon hapo kilima kinapoanza.

Gundi haikuwepo. Akapaka bahasha ugali kidogo wa moto, akaibana kwa kiganja, kisha akasimama barabarani kungoja mkokoteni.

“Jonah, unapita kwa Drusilla?”

“Napita. Ni nini hii?”

“Mpe mwenyewe. Na umwambie punda asiile, ina ugali.”