Wanaongoja Gari kwa Daktari Caleb

Ijumaa asubuhi, wiki ya pili ya Agosti mwaka 1996, Mwikwabe alifika nyumbani kwa Daktari Caleb, upande wa juu wa Sori, akiwa na nyundo, tindo, mtaimbo na kopo la grisi alilonunua dukani kwa Tima. Mlango wa gereji ulikuwa umekwama siku ya kumi na mbili. Ulikuwa wa vipande viwili vya bati nene, na ulifunguka kwa ndani kwa kuwa nje palikuwa na mteremko na tope la mvua lingeuzuia. Mwikwabe mwenyewe ndiye aliyeuchomelea nyumba ilipojengwa. Alipaka bawaba grisi, akafungua kufuli, akavuta komeo. Kila kitu kilikuwa kizima. Akausukuma kwa bega. Mlango ulisogea upana wa kidole, kisha ukarudi polepole.

"Mlango hauna shida," alisema. "Kuna watu wameegemea."

"Najua," Daktari Caleb alijibu. "Hata Tima wa duka anajua. Ndiyo maana nikakuita wewe, sikuita mtu wa grisi."

Caleb hakuwa daktari hasa. Alikuwa msimamizi wa kituo kidogo cha afya njia ya kwenda Magunga, lakini mtu mwenye sindano mkono mmoja na ufunguo wa gari mkono wa pili, nani atambishia cheo? Gari lenyewe lilikuwa ambulansi nyeupe, Land Rover waliyoitoa wafadhili, yenye kitanda na viti virefu viwili. Lilipaswa kulala kituoni. Caleb alisema kituoni kuna wezi, akalilaza kwake, na katika hilo la wezi hakusema uongo mtupu. Siku za soko lilibeba magunia ya omena, dagaa wa ziwani, hadi Homa Bay. Mgonjwa akiletwa kituoni siku hizo, askari wa lango alikuwa na jibu moja la kuwapa watu wake: ngojeni kidogo, gari iko njiani.

Baadhi yao walingoja mpaka wakafa. Hawakuona kwamba kufa ni sababu ya kuacha kungoja. Walihamia tu mahali gari lilipolala, wakakaa chini kwa mpangilio, migongo ikiegemea mlango, ili jina likisomwa wasikike upesi. Mgonjwa wa kituo hapandi gari hadi jina lake lisomwe, na wao walikuwa watu wa adabu. Wa kwanza alikuja Februari, mzee mmoja mgonjwa wa ngiri, na barua yake ya rufaa mkononi. Liz, mke wa Caleb, alimsikia akikohoa, akampitishia chai chini ya mlango. Kufikia Agosti walikuwa kumi na mmoja, uzito ambao mlango haukuushinda tena, na Liz alikuwa akichemsha birika mbili. Kuchemsha hakukumchosha, ila sukari ilimuuma.

Mwikwabe alilala kifudifudi akachungulia chini ya mlango. Aliona nyayo, pindo za leso, fimbo ya mzee, na makubazi ya tairi ambayo ukanda mmoja umefungwa kwa waya. Waya huo aliufunga yeye.

"Nyasuguta," aliita.

"Baba Susana," mkewe alijibu. "Umekuja kusoma majina?"

Nyasuguta alikuwa amefariki Aprili langoni pa kituo, juu ya mkokoteni, baada ya kuambiwa kwamba gari limeharibika gia. Mwikwabe alimzika nyuma ya nyumba akamsimamishia msalaba wa chuma, na tangu hapo kila jioni aliketi karibu na msalaba huo akimweleza habari za siku. Sasa alielewa kwamba alikuwa akiuambia mchanga. Jambo hilo lilimuuma kuliko hata mazishi yenyewe.

"Nimekuja kufungua mlango," alisema. "Gari si iko humo ndani?"

"Iko. Ni nzima, haina kitu. Inanuka omena tu."

"Basi sogeeni kidogo itoke."

Ndani walishauriana kwa sauti za chini.

"Wanakataa," Nyasuguta alisema. "Tukisogea tutapoteza laini. Tuliambiwa tungoje."

Mwikwabe aliinuka akajipangusa vumbi. Hakuwa na haja ya kugombana nao, maana yeye pia alikuwa na jambo lake na gari hilo. Susana, mtoto wao wa pekee, alikuwa amerudi nyumbani kujifungua mimba yake ya kwanza, na mkunga alishamwambia Mwikwabe wazi: mtoto amelala vibaya, uchungu ukianza mtu asimguse, mkimbize hospitali kubwa. Hospitali kubwa ilikuwa mbali, na gari la kumkimbiza lilikuwa moja tu, nalo lilikuwa limefungiwa humu.

"Hawa hawatoki," alimwambia Caleb. "Lakini ukuta wa nyuma hauna mtu. Naweza kutoboa hapo, niweke mlango wa kufungukia nje."

"Omera, ndugu yangu, wewe ni fundi! Bei gani?"

"Sitaki pesa. Susana akishikwa na uchungu, gari ije. Hiyo tu."

"Hata saa nane ya usiku," Caleb alisema, akalamba kidole akakielekeza mbinguni. "Mama yake nilimkosea, sikatai. Huyu simkosei."

Ahadi ni deni, na Caleb alikopa kwa moyo mweupe kabisa. Wakati huo aliamini alichosema, na Mwikwabe akaamini pamoja naye.

Liz alitoka jikoni na birika zake, akamkuta fundi akipima ukuta kwa kamba.

"Kwetu, mtu akifia mbali, ua unatobolewa ndiyo maiti ipite," alimwambia mumewe. "Wewe unatoboa ndiyo uwapite wao."

"Peleka chai," Caleb alisema.

Kazi ilichukua Ijumaa nzima na Jumamosi hadi alasiri. Jenereta ililetwa kutoka kituoni kwa ajili ya kuchomelea, na friji ya chanjo ikapata mapumziko. Mwikwabe alivunja tofali, akasimamisha fremu, akakata bati. Alipokuwa ndani akisawazisha kizingiti, aliwaona vizuri kwa mara ya kwanza, kumi na mmoja mstari mmoja kule mbele, kila mtu na barua yake. Nyasuguta aligeuza kichwa tu. Mgongo hakuuondoa mlangoni.

"Unatengeneza nini huko?"

"Mlango mwingine."

"Wa nani?"

"Wa Susana. Tumeelewana na Daktari."

Nyasuguta aliitazama fremu.

"Basi weka bawaba tatu," alisema. "Mbili zinalegea."

Aliweka tatu. Jumamosi saa kumi Caleb aliwasha gari, akalirudisha nyuma, likatoka bila kugusa popote. Waliokuwa mbele walilitazama likiondoka. Hakuna jina lililosomwa, kwa hivyo hakuna aliyeinuka. Caleb alimshika Mwikwabe mkono kwa mikono yake yote miwili akamwambia ero kamano, asante, mara tatu.

Uchungu ulimshika Susana Jumanne, asubuhi na mapema, nayo ilikuwa siku ya soko. Mwikwabe alikimbia hadi kituoni.

"Ngoja kidogo," askari wa lango alisema. "Gari iko njiani."

Hakungoja. Alikimbia hadi nyumbani kwa Caleb, akazunguka nyuma ya gereji. Mlango wake ulikuwa wazi, umekaa sawa juu ya bawaba tatu, na pale gari lilipolala palikuwa na magamba machache ya omena. Liz alisema lilitoka alfajiri kwenda Homa Bay, na kwamba alimkumbusha mumewe habari ya Susana, naye akasema atawahi kurudi. Mwikwabe alishikwa na hasira. Alirudi nyumbani akachukua mkokoteni uleule wa Aprili, akautandika godoro. Susana alifariki kabla ya saa sita, kwenye kilima cha kwanza, na mtoto akafia tumboni.

Caleb alikuja mazishini akiwa na tai nyeusi. Alileta gunia la mchele, akasimama mbele ya watu akasema kituo kina gari moja na mahitaji ni mengi, na kwamba kazi ya Mungu haina makosa. Watu wakaitikia amina. Gari lilikuwa limeegeshwa barabarani, na wazee kadhaa waliomba lifti.

Jumanne iliyofuata, siku ya soko tena, Liz alimtumia Mwikwabe habari kwamba ameongeza kikombe kimoja, na kwamba sasa anapika pia uji wa mzazi. Mwikwabe alifika kabla chai haijapoa. Hakuleta nyundo wala grisi. Alilala kifudifudi mbele ya mlango wa zamani, akaona makubazi ya tairi yamesogea kidogo upande wa kushoto, na kando yake miguu ya Susana, pekupeku, na mfuko wa nguo za mtoto. Kitu kidogo kililia, kisha kikanyamazishwa kwa kunyonya.

"Ni msichana," Nyasuguta alisema. "Mapafu anayo."

"Baba," Susana aliuliza, "wamesoma majina?"

Nyuma ya gereji injini iliwaka. Magunia yalirushwa ndani moja baada ya jingine, halafu mlango wa bawaba tatu ulifunguka bila kelele, gari likatoka, likashika njia ya Homa Bay. Mwikwabe alingoja mlio wake uishe. Alikuwa na uso kwenye vumbi, na alitamani kumwambia mwanawe ukweli, lakini ukweli ungemwacha bila hata cha kungoja.

"Bado," alisema. "Ngojeni kidogo. Gari iko njiani."