Koleo Shingoni

Daktari alinipa koleo dogo, mfano wa lile la fundi redio, akaniambia nisilivue shingoni hata nikienda kuoga.

"Bibi, taya la mjukuu wako tumelifunga kwa waya, juu na chini. Mdomo haufunguki. Akitaka kutapika, matapishi hayana pa kutokea, yatamrudia kwenye pumzi. Ukiona hivyo usitafute gari wala usiniite mimi. Kata." Akanionyesha za kukata: zile zilizosimama kati ya meno ya juu na ya chini, si zile zilizolala.

"Na nikikata kabla mfupa haujashika?"

"Utashika upande unaoutaka wenyewe. Lakini mtoto atakuwa hai."

Nikalifunga koleo kwa utepe, nikalining'iniza pamoja na futi yangu ya kupimia nguo. Mimi ni mshonaji, kifua changu kimezoea pini na sindano, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa.

Mjukuu wangu aliletwa kwangu kutoka hospitali kwa kuwa hakuwa na pengine. Mama yake, mwanangu, alishatangulia. Mume wa mjukuu wangu ni golikipa wa timu inayopendwa na mtaa mzima. Wanamwita Kufuli, maana akisimama golini hapafunguki. Pale dukani wamechora mikono yake ukutani, mikubwa kuliko mlango. Nikienda kununua sabuni napita chini ya vidole vile.

Polisi walimhoji. Akasema, "Tulipishana kauli, akaanguka." Wakamwachia, wakasema wataendelea naye baada ya fainali. Hilo "akaanguka" ndilo lililozaa mjadala.

Msusi wa jirani tunagawana ukuta, na redio yake haizimwi. Kipindi cha michezo kilikuwa hakizungumzii mpira tena. Mimi nakanyaga cherehani, nashona sare za shule, na masikio hayana kifuniko.

"Mimi nauliza tu," alisema mmoja aliyepiga simu, "alimwambia nini? Mtu mzima hakasiriki hivi hivi."

Mwingine: "Wiki ya fainali mke mwenye akili anajua kuuma ulimi."

Akapiga mama mmoja, sauti kavu: "Mume wangu ni fundi bomba. Angenivunja taya, mngeuliza nilimwambia nini, au mngeuliza yuko kituo gani cha polisi?" Mtangazaji akacheka, akasema laini imekatika.

Kisha likaja lile lililorudiwa kila asubuhi: "Kama kweli kaonewa, mbona hasemi? Ajitokeze tumsikie!"

Mjukuu wangu alikuwa kando yangu, anavuta supu kwa mrija uliopenyezwa nyuma ya gego. Akaweka kikombe chini, akakigonga kwa kijiko, mara mbili. Hiyo ndiyo ilikuwa lugha yetu: mara moja ndiyo, mara mbili hapana.

"Hapana nini, mama?"

Akanyooshea ukuta kidole. Nikatoka kwenda kwa msusi.

"Nipunguze redio saluni kwangu, bibi? Wateja ndio wanaoitaka." Akashusha sauti. "Halafu usinichukie, bibi yangu, lakini yule binti alikuwa na mdomo."

"Alikuwa nao," nikamwambia. "Sasa ana waya."

Hakupunguza.

Baada ya hapo mambo yakaanza kuja polepole, kama maji yanayopanda chini ya mlango. Wateja wangu wakawa wanachukua nguo ambazo sijazimaliza. "Nitamalizia kwingine, bibi, usijali." Gari la vioo vyeusi likawa linapita mchana, mwendo wa mgonjwa, halafu linarudi. Mjukuu wangu alikuwa analisikia kabla yangu; nilijua linakuja kwa vile kijiko kilivyotetemeka kikombeni. Akahamisha kiti chake kutoka dirishani. Na asubuhi moja nilikuta kizingitini glavu ya kipa, imewekwa kiganja juu, kama inayoomba. Au inayosubiri kupewa. Niliiondoa kwa mpini wa ufagio.

Siku moja kabla ya fainali, watu tumeshakula cha mchana, wakaja. Baba mdogo wa Kufuli mbele, na nyuma yake msemaji wa klabu, kavaa koti la timu, simu mkononi. Gari liliachwa mlangoni. Kioo kilishushwa kidogo tu, na juu ya kioo nikaona vidole.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Viti ni hivyo."

Baba mdogo akakohoa. "Bibi, wewe mtu mzima, unajua. Mke na mume wakigombana, chukua jembe ukalime."

"Majirani zao huko ghorofani walichukua, baba. Wamelima mpaka taya likavunjika."

Msemaji akaingilia, sauti yake imelainishwa kama nguo ya kitanda. "Hatukuja kwa shari, bibi. Kijana halali, hali. Tunaomba mkewe kesho akae jukwaani na jezi ya mumewe, watu wawaone. Kisha warudi kwao. Mjadala utakufa wenyewe."

"Na yeye?"

"Nani?"

"Mjukuu wangu. Mjadala ukishakufa, yeye atabaki?"

Msemaji alitandika jezi mezani juu ya vitambaa vyangu, akaweka simu juu yake. "Tuko hewani, bibi. Nchi nzima inasikia." Na kutoka nyuma ya ukuta, redio ya msusi ikamfuata kwa kuchelewa kidogo: "…nchi nzima inasikia."

Baba mdogo akamwinamia mjukuu wangu. "Mwanangu, umekubali kurudi kwa mumeo?"

Akachukua kijiko. Akagonga mara mbili.

"Amesema hapana," nikasema.

"Bibi, hicho ni kijiko."

"Tumsikie kwa mdomo wake," mtangazaji akasema ndani ya simu.

Baba mdogo akanyoosha mgongo, akaitabasamia simu. "Basi, jamani. Kunyamaza ni kukubali."

Nyuma ya ukuta vigelegele vikapigwa. Msemaji akapunga mkono dirishani, nikasikia mlango wa gari ukifungwa.

Kufuli aliinama kupita mlangoni kwangu. Kijana mzuri, ananukia dawa ya kuchua misuli. Aliniamkia kwa adabu. Kisha akamnyooshea mkewe mkono, kiganja juu, sawasawa na ile glavu.

"Mke wangu. Twende nyumbani."

Kikombe kilianguka. Mabega ya mtoto yalipanda mpaka masikioni, koo likaanza kwenda juu na chini, mashavu yakajaa. Nimelea, naijua shingo inayotaka kutapika. Akashika meza kwa mikono miwili, macho yakamtoka.

Nikavuta koleo.

"Bibi! Unafanya nini na hicho chuma?" baba mdogo akapiga kelele.

Nilikuwa nimeshamfikia mdomoni nilipodakwa kifundo cha mkono. Sikumwona Kufuli akisogea. Ndiyo kazi yake, kudaka. Nilimsukuma, lakini ni kama kusukuma nyumba.

"Niachie, anakufa!"

Hakuniachia. Alimwangalia mkewe akibadilika rangi, akaniangalia mimi, na mkono ukazidi kubana.

"Kufuli," msemaji akasema kwa kunong'ona, "tuko hewani."

Hapo ndipo akaniachia.

Nikakata. Zile zilizosimama, moja baada ya nyingine, pa, pa, pa. Mdomo ukafunguka na kila kitu kikamwagika juu ya jezi. Mtoto akavuta pumzi, sauti yake kama mlango wa bati unaoburutwa. Nikamshika kichwa. Alifuta midomo, damu na mate, akamtazama mumewe.

"Sirudi."

Lilikuwa neno moja. Lilipotoka, taya likateleza upande, na mpaka leo halijarudi mahali pake. Nyuma ya ukuta redio ikalirudia: "Sirudi." Hakukuwa na vigelegele.

Waliondoka bila kuaga. Kufuli alikuwa wa mwisho. Alisimama mlangoni, akakiangalia kitasa changu, akaziangalia bawaba, juu na chini, kama fundi aliyekuja kupima. Kisha akasema, "Pole, bibi," na kutoka.

Asubuhi nilisubiri kusikia watasemaje.

"Kumbe anaongea!" mtangazaji alikuwa anapaza sauti. "Siku zote mnaambiwa hawezi, kumbe anaongea!" Simu zilimiminika. "Taya lililovunjika linasema 'sirudi'? Mwigizaji yule!" Hakuna aliyeuliza habari ya sauti yangu, "niachie, anakufa", ingawa waliisikia wote.

Timu ilishinda. Mtaa uliimba jina lake mpaka sauti zikakauka. Polisi bado hawajaendelea naye.

Mjukuu wangu sasa anaweza kusema, maneno yanatoka kwa upande, lakini gari likikaribia bado anashika kijiko. Amekishika sasa hivi ninavyoandika. Nimeondoa mguu kwenye cherehani ili nisikie kama litapita au litasimama. Koleo liko shingoni. Na nyuma ya ukuta, kwa mara ya kwanza tangu tuwe majirani, msusi amezima redio. Naye anasikiliza.