Wageni wa Chumba cha Majongoo

Nakutegea kitendawili, na ukishindwa sitaki unipe mji, nataka masikio yako tu. Ana mwili hana mfupa, ana mdomo hana meno. Ukimsumbua hakung'ati wala hakimbii; anakutupia matumbo yake mwenyewe, kisha anatulia kungoja mengine yaote. Ni nani huyo?

Usijikune kichwa bure. Ni jongoo bahari, yule mnene kama kiazi kitamu kilichosahaulika mchangani.

Basi palikuwa na mama mmoja, mtafiti katika taasisi ya sayansi ya bahari, ambaye kazi yake ilikuwa kuwazalisha hao majongoo kwenye matangi. Baharini walikuwa wamevuliwa mpaka wakaadimika, naye alitaka apate watoto wa kurudisha. Kazini walimwita Mama Majongoo, jina likamganda. Chumba chake kilikuwa mwisho wa korido, baada ya stoo ya nyavu: matangi yamepangwa ukutani, pampu inakoroma kama baba wa watu aliyeshiba, sakafu haikauki, na kiti kimoja cha plastiki kimefungwa waya mguuni.

Mwaka ulianza kwa mkutano, kama miaka yote ya pale. Mkurugenzi akasoma mpango wa shughuli, akageuza kurasa, na alipofika kwa Mama Majongoo akakohoa kidogo.

"Bodi imesema majongoo wasipotaga mayai mwaka huu, kile chumba kitakuwa ukumbi mdogo wa mikutano."

"Ukumbi mwingine?" akauliza Mama Majongoo. "Na huu tuliomo?"

"Huu ni mkubwa."

Mama Majongoo akainua mkono. Hakuomba mashine wala watu wa kumsaidia. Aliomba kimya. Jongoo hazai penye zogo. Anataka giza na maji yasiyochezewa. Vikiwa shwari, siku moja jioni dume atasimama wima, ayumbe kama mtu anayesikiliza wimbo wa mbali, na jike naye atafuata. Lakini ukimshtua anatema matumbo, na itapita miezi kabla hajapata nguvu ya kubeba mayai tena.

Mkurugenzi akasema kimya kitapatikana. Wiki ile ile akaleta wageni.

Walikuwa waheshimiwa wenye viatu vinavyong'aa, wakapita wakiruka madimbwi. Mkurugenzi akakunja mkono wa shati mpaka kiwikoni, akazamisha mkono, akamtoa jongoo mkubwa kuliko wote na kumweka kiganjani. Akamzungushazungusha, akaeleza anavyokula mchanga na kuusafisha, akaeleza tena. Wageni walishachoka, wanatazama saa, yeye bado amemshika. Walipotoka, Mama Majongoo akachungulia ndani ya tangi, akaona utumbo mweupe unaelea.

Akamfuata koridoni. "Mkurugenzi, nina swali moja tu. Taasisi hii ina vyumba tele. Kwa nini kila mgeni lazima aletwe kwangu?"

"Hilo ni suala pana," akasema Mkurugenzi. "Tutaliongea."

Hawakuliongea. Zikaja shule na mabasi yao, mtoto mmoja akadondosha biskuti kwenye tangi, maji yote yakabadilishwa. Ikaja siku ya kuadhimisha bahari, na bendi ya matarumbeta ikapangwa chini ya dirisha lake kwa kuwa ndipo penye kivuli. Mama Majongoo akatoka amefura.

"Jamani, hawa wanataka kuzaa."

"Tutawapigia wimbo wa polepole, mama," akasema mpiga ngoma, na kweli wakapiga wa polepole, kwa nguvu zile zile.

Yakaja maonyesho. Mkurugenzi akachukua majongoo kwenye ndoo, akakaa nao hemani mchana kutwa, akawarudisha wamelegea kama soksi. Likaja zoezi la zimamoto, na king'ora kikafungwa, kati ya kuta zote za jengo, kwenye ukuta wake.

"Na hapa pia ni suala pana?" akauliza Mama Majongoo.

"Hapa ni suala la usalama," akasema Mkurugenzi.

Fundi wa pampu, mtu wa mizaha, akamwonea huruma. Akachora kibao na kukitundika mlangoni: WODI YA WAZAZI, KIMYA TAFADHALI. Wakapata nafuu ya siku chache. Kisha Mkurugenzi akaleta kundi zima waje kukiona kibao.

Nyumbani nako hakukuwa na pumziko. Mama mkwe wake alikuwa amemaliza kuchambua mboga, akamwona anavua viatu vilivyolowa.

"Bado hawajazaa, mwanangu?"

"Bado, mama."

"Mimi nilipoolewa walinipa miezi mitatu tu wakaanza kuniuliza. Hao wamepata bahati ya mkwe mvumilivu."

Mama Majongoo akacheka, kisha kicheko kikamkauka. "Mwaka unaisha, mama. Wakinyang'anywa chumba watarudishwa baharini wavuliwe wote. Nimewalinda mpaka nimekuwa kama askari wa geti, na anayevunja geti ndiye aliyeniajiri."

"Si umuulize anataka nini?"

"Nimemuuliza mpaka ulimi umeota sugu."

Siku ya kikao cha bodi cha kufunga mwaka ikafika. Alasiri Mama Majongoo akaingia chumbani kufunga mapazia, akasimama pale pale mkono ukiwa kwenye kamba. Ndani ya tangi la mwisho dume alikuwa amesimama. Anayumba taratibu, na kutoka kichwani pake unapanda uzi kama wa maziwa. Wa pili akaanza kunyanyuka.

Akazima taa. Akatoka kwa kunyata, akavuta mlango, akauegemea kwa mgongo. Na hapo hapo akasikia viatu.

Bodi nzima ilikuwa inakuja, Mkurugenzi mbele, mpiga picha nyuma na taa kubwa ya kumulika.

"Leo hapana," akasema Mama Majongoo kwa sauti ya chini.

"Dakika mbili tu. Bodi inataka kujionea kabla ya kuamua."

"Wakiona, hakutakuwa na cha kuona. Njoo wewe peke yako." Akamfungulia upenyo wa kutosha jicho moja.

Mkurugenzi akachungulia. Akakaa vile muda mrefu, na alipogeuka sura yake ilikuwa nyingine kabisa.

"Kuna tatizo?" akauliza mwenyekiti wa bodi.

"Hakuna, mwenyekiti. Tunarudi."

"Tumekuja kuona majongoo."

"Mtawaona wakishakuwa wengi," akasema Mkurugenzi, akamnyang'anya mpiga picha taa yake na kumkabidhi Fundi wa pampu aliyekuwa akipita. "Wapeleke wakanywe chai. Mwenyekiti, ukiona nimekosea, niandikie onyo kesho."

Mwenyekiti akamtazama, akatazama kile kibao, akageuka. Wenzake wakamfuata wakinong'ona kama watu waliofukuzwa msibani.

Mkurugenzi akavua viatu. Wakaingia wawili, wakachuchumaa kwenye maji ya sakafuni, hakuna aliyekumbuka kiti. Giza lilikuwa la kuonea umbo tu. Wakangoja mpaka magoti yakauma. Kisha jike mmoja akajikunja, akainua kichwa, akaushusha mzigo wake kwa mpigo mmoja, ukatanda majini kama vumbi jepesi.

"Mayai," akanong'ona Mkurugenzi.

"Mayai," akasema Mama Majongoo, na machozi yakamtoka na hasira yake yote ya mwaka mzima ikiwa bado imo ndani. "Kumbe unajua kukaa kimya. Sasa niambie. Kwa nini kila mgeni ilikuwa lazima aje huku?"

Mkurugenzi akafuta mikono kwenye suruali, ingawa hakuwa amegusa kitu.

"Kabla sijapewa ofisi nilikuwa na tangi langu la majongoo," akasema. "Siku hizi nikija peke yangu kwenye chumba chochote, mnasimama wima, mnaficha vikombe, mnadhani nimekuja kukagua. Nikija na wageni, ndipo napata kumshika jongoo mmoja."