Mtoto wa Siku Tisa

Jumanne asubuhi Marsela aliwasha mashine ya altrasaundi, akaweka chupa ya jeli kwenye beseni la maji ya moto ili isiwashtue watoto kwa baridi, kisha akamwita wa kwanza kwenye foleni. Akaingia Nanyokie wa Nainokanoka, amembeba mtoto wa siku tisa aliyezaliwa miaka minne iliyopita.

Mambo yalikuwa hivi. Mtoto alipozaliwa, katika hospitali hii hii ya Karatu, mate yake yalipimwa yakakutwa na kirusi alichokipata tumboni. Kirusi chenyewe humwacha mama mzima, kikamla mtoto masikio. Nesi akaeleza kwamba ubongo upigwe picha kupitia utosini kabla hajafikisha siku kumi. Picha ikionyesha madoa, aanze dawa ndani ya mwezi wa kwanza, pengine masikio yatapona. Siku ya tisa Nanyokie akafika, akaambiwa mashine iko Arusha kwa matengenezo, asubiri.

Nanyokie ni mtu wa kutii. Njiani alimwambia mtoto asubiri, na mtoto akasubiri.

Wiki iliyofuata mashine ilikuwa haijarudi. Iliporudi, mtaalamu alikuwa semina. Halafu jeli ikaisha, halafu mradi ukaisha, na mradi ukiisha huku kwetu, si unajua, hata bango linang'olewa. Ikaenda miaka minne, mpaka ukaja mradi mwingine. Kitovu cha mtoto hakikudondoka. Kisioki wa jirani, aliyezaliwa naye wiki moja, akaanza kuchunga ndama. Nywele za Nanyokie zikamfika mabegani, maana mama hanyoi mpaka mtoto apewe jina, na mtoto wa siku tisa bado hapewi jina. Mama mkwe alilalamikia hizo nywele tu.

Marsela, mzaliwa wa Ganako asiye na maneno mengi, akapaka jeli utosini. Kwenye kioo yakaonekana madoa meupe, madogo kama punje za chumvi. Akamwambia mama ukweli wote: madoa yapo, masikio bado yanasikia, dawa iko kabatini, na mtoto ameiwahi. Nanyokie akalia kwa furaha. Maskini, alilia kwa furaha kabisa.

Daktari Julius akaja na kompyuta. Alikagua kitovu, akakubali kwamba mtoto ana siku tisa. Kisha akaandika tarehe ya kuzaliwa iliyo kwenye kadi, mfumo ukakataa. Akarudia mara tatu. Marsela alimwomba aandike tarehe nyingine, daktari akasema hawezi kughushi.

"Mimi namwona, mama," alisema daktari. "Lakini mfumo unasoma tarehe tu. Dawa ni ya walio chini ya mwezi mmoja."

"Ninyi ndio mlisema nisubiri."

"Ni kweli. Tulisema."

Marsela akafuta jeli kwenye utosi, polepole kuliko ilivyohitajika. Nje foleni ilikuwa ndefu, akamwita wa pili.

Kwenye gari la kurudi, Nanyokie alimwambia mtoto kwamba basi, asisubiri tena. Walipofika geti la hifadhi, Lodware, alikuwa na meno mawili. Ukingoni mwa kreta shuka halikumtosha. Mwanamke aliyekaa pembeni alisogea kumpa nafasi, akasema watoto wa siku hizi wanakua haraka, akaendelea na hindi lake la kuchoma. Waliposhuka Nainokanoka mtoto alikuwa na miaka minne kamili, miguu mirefu, sura ya baba yake mtupu, na alisimama mwenyewe.

Supeet, mume wa Nanyokie, alikuwa ng'ambo ya barabara na ng'ombe. Jina la mwanawe alikuwa amelichagua tangu mwaka ule wa kwanza. Alipomwona amesimama hakungoja wazee wabariki jina hilo.

"Moloimet!"

Ng'ombe wakageuka. Mtoto aliendelea kutazama vumbi la gari likiondoka. Supeet akaita tena, kwa nguvu zaidi, viganja vikiwa mdomoni, huku akicheka.

Nanyokie akavuka barabara, akamshika mumewe mkono, akamwambia asijichoshe.